Mwaka Tuliopika Kiingereza

Mimi Kiingereza sikukisoma, nilikipika. Watu wakinisikia nasema hivyo wanacheka, lakini ni kweli tupu. Nililelewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, kwa mjomba aliyekuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya wazungu wa mgodi, na kila neno la lugha ile liliniingia kupitia mikono: leta maji, menya viazi, funika sufuria, wewe mjinga umeunguza tena. Kuungua nilikujua kwa Kiingereza kabla sijajua kwamba kuna kitu kinaitwa kitenzi. Basi niliporudi kwetu Kolwezi, nikasomea ualimu na kupewa darasa la sita, la mwisho, katika sekondari moja ya mtaa wa Manika, nilikuja na ubishi wangu tayari umeiva. Ubishi huo ndio ulionipa darasa bora nililowahi kuwa nalo, na nilipouacha kwa siku tatu tu, nikalipoteza.

Miaka ile nchi ilikuwa Zaïre. Hakukuwa na bwana wala bibi, sote tulikuwa citoyen na citoyenne, yaani raia, na kila Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya kufyeka na kufagia kwa ajili ya taifa. Shuleni Kiingereza kilifundishwa hivi: mwalimu anaandika sheria ubaoni, wanafunzi wanazinakili kwenye kaye, ndivyo tunavyoita daftari, kisha wanakariri. Nilipowapokea wale thelathini na wawili walikuwa wamenakili miaka na miaka. Siku ya kwanza nikamwambia kijana mmoja kwa Kiingereza afunge mlango. Akasimama wima kama askari, akanitajia kitenzi cha kufunga katika nyakati zote, zilizopita na zijazo, akaketi. Mlango ukabaki wazi, vumbi la mgodi linaingia. Weh! Nilikasirika mpaka masikio yakauma.

Jumatano iliyofuata nikaja na mbabula, lile jiko la makaa la bati, na sufuria, unga wa bukari, ndiyo ugali wetu, na mwiko wa mama yangu. Mama alinisindikiza mpaka barabarani kwa maneno.

"Yo! Mwanaume muzima anabeba mwiko mu njia! Batu batasema nilizaa binti, nikaficha."

"Mama, ni kazi ya masomo."

"Masomo gani ya bukari? Ukinivunjia ule mwiko, usirudi."

Nyuma ya darasa palikuwa na kibanda kilichokuwa karakana ya useremala. Hapo ndipo tulipohamia kila Jumatano, siku ya Kiingereza. Sheria yangu ilikuwa moja: hakuna anayefanya kitu asipoamrishwa kwa Kiingereza, na hakuna anayepewa kitu asipokiomba kwa Kiingereza. Anayefungua kaye hali. Wiki za mwanzo tulikula saa nane, bukari imejaa madonge, maana hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake apunguze moto. Wavulana walikataa kushika mwiko.

"Mwalimu, mi niko mwanaume."

"Basi lala na njaa kiume."

Njaa ni mwalimu kuliko mimi. Kufikia Krismasi walikuwa wanagombana kwa Kiingereza, wanatukanana kwa Kiingereza, wanadanganyana nani alionja mboga kabla ya wakati. Aliyenishangaza zaidi alikuwa binti mmoja wa familia ya Kiislamu kutoka Maniema. Baba yake alikuwa na lori, akipeleka mizigo kati ya Kolwezi na Lubudi. Binti huyo hakufungua kinywa miezi miwili. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa darasa lote, na nadhani alikuwa ameamua kwamba mwandiko unatosha. Siku moja nikatia unga kabla maji hayajachemka. Akanishika mkono, mimi mwalimu wake, akaniambia kwa Kiingereza kilichonyooka: toa mkono wako, maji bado, subiri. Nilisubiri. Nilifurahi mno. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa sufuria.

Sasa sikieni lilipoanzia balaa.

Ijumaa moja, mvua zimekwisha na mtihani wa taifa umekaribia, prefe akaniita ofisini. Prefe ndiye mkuu wa shule. Hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa karatasi kuliko nyoka.

"Citoyen, mukaguzi wa Kiingereza anakuya Jumatano. Kaye za banafunzi ziko?"

"Ziko."

"Biliandikwa nini ndani?"

Nikatazama dirisha. Alijua. Harufu ya bukari ilikuwa inampitia dirishani kila Jumatano, na mara mbili nilimpelekea sahani.

"Ule muzee hasikilize batoto," akasema, "anafungua kaye. Mwalimu mwenye kaye tupu, kwake ni mwalimu mwenye hafundishe. Atakutoa mu darasa siku ileile. Na mi sitaweza kukutetea, nakuambia mapema."

Mjomba alikuwa ameshakufa, mama alikuwa anauza samaki wa ziwa Nzilo sokoni na mgongo wake umeshachoka, na kazi ya ualimu wa darasa la sita sikuipata kwa urahisi. Zaidi ya hayo, niseme wazi, nililipenda lile darasa kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nilitaka kuwafikisha mtihani. Ubishi wangu wote, ule niliokuwa nikitamba nao kwa walimu wenzangu, ulikwisha kati ya mlango wa ofisi na mlango wa darasa. Nilikuwa na siku tatu za kufundishia, na kaye thelathini na mbili nyeupe.

Jumamosi, baada ya salongo, niliwarudisha wote darasani, mikono ingali na majani. Nikaondoa ukutani kalenda ya mwaka wa masomo, nikatia alama kila Jumatano tangu Septemba, na kuanza kuwasomea mwaka mzima ambao haukuwahi kutokea. Tarehe. Kichwa cha somo. Sheria. Mifano kumi. Piga mstari. Tarehe. Niliwaambia wabadilishane kalamu, ukurasa huu wino wa buluu, ule mweusi, ili isionekane imeandikwa mara moja. Niliwaonyesha jinsi ya kukunja pembe za kurasa na kuzisugua kwa kiganja zichakae. Kijana mmoja akasugua yake sakafuni, wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Niligonga meza.

"Hakuna kucheka! Hakuna kuongea! Andikeni!"

Wakanitazama kama hawanijui. Mwaka mzima nilikuwa nawapigia kelele wafungue vinywa.

Jumatatu tukaendelea. Jumanne vidole vyao vilikuwa vimevimba na mimi sauti imekwisha. Tulikuwa tumebakiza wiki chache za mwisho pale binti wa mwenye lori alipoinua mkono.

"Mwalimu, hii tarehe..."

"Andika."

"Mwalimu, ni kusema, ile siku..."

"Nimesema andika! Usiseme, andika! Hakuna wakati."

Akashusha mkono, akaandika. Mkono ule ulishuka polepole sana, nauona hata leo.

Jumatano mkaguzi akafika. Alikuwa mtu mfupi, abakosti yake ya kijivu, ile suti ya serikali isiyo na tai, imepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate, miwani kifuani. Alizungumza Kifaransa tu, taratibu, kama mtu anayepima dawa. Prefe akasimama mlangoni. Mkaguzi akaketi mezani pangu, akanyoosha mkono bila kunitazama, nami nikamletea rundo la kaye. Juu kabisa nilikuwa nimeweka ile ya binti wa mwenye lori, kwa sababu ya mwandiko.

Akafungua. Akasoma. Ukurasa, ukurasa, ukurasa. Akatikisa kichwa kukubali. Akafika katikati, akatikisa tena. Nikaanza kupumua. Nikasema moyoni, mjinga wewe, umepona.

Kisha mkono wake ukasimama. Akavaa miwani, akarudisha ukurasa nyuma, akaweka kidole juu ya tarehe. Akaniambia nimsomee kwa sauti.

Nikaisoma. Na nilipokuwa naisoma, kabla hata sijafika mwisho, nikakumbuka. Mama yangu!

Siku ile hakukuwa na somo Kolwezi nzima. Alikuwa anapita mkubwa mmoja kutoka Kinshasa, na tangu alfajiri shule zote zilipangwa kando ya barabara, darasa kwa darasa, na majani ya mitende na vibendera vya karatasi. Tuliitwa majina mara mbili, asubuhi na adhuhuri. Tuliimba mpaka tukapasuka midomo. Saa kumi gari likapita na vioo vimefungwa, muda wa mtu kukohoa, basi. Miguu yangu ilivimba siku mbili. Nilikuwapo! Lakini nilipotazama kalenda niliona Jumatano tu. Na orodha ya walimu, siku ile barabarani, aliyekuwa ameishika alikuwa mkaguzi huyuhuyu.

Akavua miwani.

"Citoyen," akasema, "kuna mambo mawili tu. Ama kaye hii inasema uongo, ama siku ambayo wananchi wote walikuwa wanamlaki mgeni wa taifa, wewe na darasa lako mlibaki hapa mnasoma. Nichagulie."

Walioishi miaka ile wanajua alichosema. Kaye ya uongo ni kazi kwisha. Lakini kukosa barabarani siku ile halikuwa jambo la shule tena. Wangekuja watu wasiojitambulisha, wangeuliza baba wa mwenye kaye ni nani, lori lake linapita wapi, linabeba nini. Mlangoni prefe alikuwa anajifuta uso kwa kitambaa, anafuta na kufuta.

Nasema ukweli, sikuwa na ujasiri. Nilikuwa natafuta jambo la tatu, uongo wa kupita kati ya hayo mawili.

Mkaguzi akageuka kwa darasa. Akalisoma jina kwenye jalada la kaye. Binti akasimama.

"Hii ni yako?"

"Ndiyo, citoyen."

"Mwandiko ni wako?"

"Ndiyo."

"Siku hii ulikuwa darasani, au ulikuwa barabarani?"

Hakumtazama mkaguzi. Alinitazama mimi. Jamani, nimeangaliwa na watu wengi maishani, wengine kwa hasira, wengine kwa dharau, lakini sijawahi kuangaliwa vile. Alikuwa anangoja amri. Nilimjua: neno lolote ambalo lingeniokoa mimi angelisema, hata kama lingemzamisha yeye na baba yake na lori lao. Niliona midomo yake inafunguka.

"Kaye ni ya uongo," nikasema. "Zote thelathini na mbili. Ni mimi niliyewasomea, wao waliandika tu. Jumamosi, jana na juzi. Sote tulikuwa barabarani, orodha yako inajua. Huyu mtoto aliinua mkono kuniambia ile tarehe, nikamfunga mdomo. Kama kuna wa kuandikwa, niandike mimi."

Prefe akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Mkaguzi akafunga kaye, akaiweka sawasawa na ukingo wa meza.

"Basi mwaka mzima ulifundisha nini?"

Ningemwambia nini? Nikamjibu lililokuwapo.

"Kupika."

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi alinitazama kuona kama namfanyia mzaha. Wakati huo binti alikuwa bado amesimama, maana hakuna aliyemwambia aketi. Akawageukia wenzake, na kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ya mkuu wa sufuria, akawaambia: wewe na wewe, mbabula. Wewe, maji. Wengine sogezeni madawati.

Mimi sikuwa nimempa ruhusa. Wala sikumkataza.

Wakaingiza jiko darasani, mbele ya meza ya mkaguzi. Mmoja akasema maji hayatoshi, mwingine akasema yeye kila siku maji hayamtoshi, wa tatu akauliza nani ameficha chumvi. Sauti zao zilitetemeka mwanzoni, kisha zikasahau kutetemeka. Lakini makaa yalikuwa na unyevu, yakakataa kushika. Kijana aliyekuwa anapuliza akainua uso wenye majivu, akauliza kwa Kiingereza kama kuna mwenye karatasi.

Karatasi zote zilizokuwa darasani zilikuwa mezani kwa mkaguzi.

Mkaguzi akafungua kaye ya juu, akatafuta ule ukurasa, akauchana kwa utaratibu, sambamba na mshono. Akauchana wa kaye ya pili. Ya tatu. Darasa zima lilihesabu pamoja naye bila sauti. Alipomaliza zote thelathini na mbili, akaziviringisha, akasimama, akampa yule kijana, na kwa mara ya kwanza tukamsikia akisema Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza cha mtu aliyenakili sana, kizito, kila neno peke yake.

"Hizi zitawaka."

Zikawaka. Makaa yakashika.

Bukari ilipoiva alikuwa bado yuko pale. Akakaribia kama mtu asiyetaka kuonekana anakaribia. Binti akamzuia kwa mwiko, mama angeniua kama angeona, akamwambia kwa Kiingereza kwamba hapa hakuna anayekula bila kunawa na bila kuomba. Nilidhani sasa kweli tumekwisha. Mkaguzi akatafuta maneno. Alijua sheria zote za lugha ile, mimi nawahakikishia, alizijua kuliko mimi, na alisimama mikono ikidondoka maji, mtu mzima, anatafuta namna ya kuomba tonge. Akaomba. Hakukosea. Ilimchukua muda mrefu. Watoto walimsubiri kwa adabu, kama walivyozoea kusubiriana.

Baadaye akaniita nje, karibu na mlingoti wa bendera.

"Ule ukurasa sikuuona," akasema. "Haukuwapo. Watoto watafanya mtihani wao. Lakini wewe nimekuona."

Nikaanza kumshukuru, akainua kidole.

"Ungenipa kaye tupu, ningepiga kelele, ungenijibu, wanasema unajua kujibu. Tungegombana mpaka mchana, watoto wangenipikia, na ungebaki darasani. Kaye tupu ningeweza kuitetea. Mwalimu anayewapanga watoto thelathini na wawili waseme uongo kwa mwandiko mzuri, huyo siwezi."

Akanihamishia Lubudi, madarasa ya chini, kuanzia Jumatatu. Nafasi yangu walimpa mwalimu mwingine, na watoto wangu walimaliza wiki zile za mwisho wakinakili. Mtihani waliufanya bila mimi.

Jumatatu nikaenda stesheni na sanduku langu. Mama hakuja, alikuwa ananinunia kwa sababu ya mwiko uliobaki shuleni, au alisema ni kwa sababu ya mwiko. Treni ilikuwa bado haijafika nilipomwona yule binti anakuja kutoka upande wa malori, mwiko umefungwa katika kitambaa. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Ni wa mama yako, mwalimu. Niliuosha."

Nikaupokea. Tukasimama. Nilikuwa na swali lililonikaba tangu siku ile, na nilijua nisipouliza pale nitakwenda nalo mpaka Lubudi na kurudi nalo.

"Ile tarehe uliiona," nikamwambia. "Kwa nini hukusema tena? Ungesema tu, hata kwa nguvu. Mi nilikufundisha kunikataza, hata mkono uliwahi kunishika."

Akainamisha kichwa, kisha akaniangalia.

"Mwalimu, mwaka muzima ulikuwa unatuambia tuseme. Siku moja tu ulituambia tunyamaze. Nikasema mu roho: kama ni yeye anatuambia tunyamaze, kuko kitu anajua."

Sikuwa najua kitu. Nilikuwa naogopa tu. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini treni ilikuwa inaingia, na baba yake alikuwa anampigia honi kule kwenye lori, na mimi nilisimama pale na mwiko mkononi, nimenyamaza.